Risasi ya Usumbura bado inaimbwa Magara

Mfanyabiashara anayepita Magara tarehe 13 Oktoba, akitoka Rumonge na mzigo wa mawese au ndagala kwenda Bujumbura, hukuta ofisi za serikali zimefungwa. Redioni ni nyimbo za Kirundi za kumlilia Mwanamfalme Louis Rwagasore, yule ambaye sura yake iko kwenye noti ya faranga 10,000.

Usiku wa tarehe hiyo, mwaka 1961, Rwagasore alikuwa mezani katika Hoteli Tanganyika, Usumbura, kando ya ziwa hilihili. Mgiriki Jean Kageorgis alimpiga risasi kutoka gizani. Hata mwezi mmoja ulikuwa haujapita tangu chama chake, UPRONA, kitwae viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi.

Nyimbo humsifu mkombozi na kumlaani muuaji. Lakini jambo linalomgusa mchuuzi wa mpakani mara nyingi husimuliwa nyumbani tu, mzee kwa mjukuu. Mwaka 1957, kabla hajawa waziri mkuu, Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wazalendo ili wasiendelee kuwategemea matajiri wa kigeni. Waswahili wa Buyenzi, wengi wao wachuuzi, walimuunga mkono mapema. Mwaka uliofuata utawala wa Ubelgiji ukaushika ushirika huo. Mwishoni mwa 1960, kampeni za uchaguzi wa mitaa zikiendelea, ukamfungia Bururi, juu ya milima inayotazamana na Rumonge.

Nani alimtuma Kageorgis? Hapo ndipo masimulizi ya koo yanapogongana. Kageorgis aliuawa kwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 watu watano wakanyongwa Gitega hadharani, wakiwemo ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa chifu Baranyanka na viongozi wa chama pinzani, PDC. Kwa wafuasi wa Rwagasore, haki ilitendeka. Wapo wanaosema walionyongwa walibeba mzigo wa wakubwa waliorudi kwao Ulaya. Mwaka 2021 Ludo De Witte, mtafiti Mbelgiji, alitoa kitabu kinachowanyooshea kidole maofisa wa Ubelgiji, akiwemo mkuu wao nchini Burundi, Roberto Régnier. Bunge la Ubelgiji liliunda kamati kuhusu enzi za ukoloni. Ikamaliza kazi mwishoni mwa 2022 bila kuafikiana juu ya kuomba radhi.