Afande, Edduuka na Safari ya Maneno Hadi Mbuya

Katika kambi ya jeshi ya Mbuya, mashariki mwa Kampala, askari humwita mkubwa wake "afande". Nje ya kambi, mama humtuma mwanawe "edduuka" akanunue "ssabbuuni". Mama huyo anazungumza Kiganda, na jirani zake wengi watakwambia Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Asili ya maneno hayo inaeleza zaidi ya hapo.

"Afande" chimbuko lake ni Kigiriki, "authentes", mwenye mamlaka. Waturuki walilifanya "efendi" wakatawala nalo. Balkani liliingia hadi katika Kikroatia, "efendija". Afrika lilipanda Mto Nile na jeshi la Misri. Mwaka 1891 Mwingereza Frederick Lugard aliwakuta askari wa Kisudani wa jeshi hilo, chini ya Selim Bey, huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua wamtumikie Uganda. Uzao wao ni Wanubi, wenye makazi makubwa Bombo. Jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles (KAR), lilipoundwa mwaka 1902, Wasudani hao walikuwamo.

"Edduuka" lilipita njia ya biashara. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika Buganda mwaka 1844, enzi za Kabaka Suuna II. Mawasiliano hayo na pwani yaliingiza vitu pamoja na majina yake: kitabu kikawa "ekitabo", saa ikawa "essaawa", duka likawa "edduuka". Asili ya duka ni Kiarabu, "dukkan". Waturuki nao walilichukua, pamoja na neno la Kiarabu la saa, ndiyo maana Mkroatia huita duka "dućan" na saa "sat".

Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba ya Uganda yalifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Wapo wazee wanaosita, kwa sababu katika miaka ya 1970 walikisikia kutoka kwa watu wenye bunduki. Uchungu wao ni wa haki na haupaswi kubezwa. Lakini Kiswahili kiliingia Buganda pia kupitia kitabu na duka, na Waganda wenyewe wakakipa matamshi yao.

Mwalimu wa Mbuya aanzie hapo. Aandike ubaoni "ekitabo", "essaawa" na "edduuka", kisha awaulize wanafunzi wake ni nani kati yao asiyejua Kiswahili.