Bastola iliyokwama si bastola tupu

Mu Kolwezi, watu wakiona bastola imekatala kupiga, neno la kwanza linalotoka ni hili: "Iko vide." Tumelizoea, lakini ni neno la hatari. Bastola iliyokwama mara nyingi ingali na risasi ndani, na risasi hiyo inangoja kitu kidogo tu: kidole cha mtu, kuanguka chini, ao mwenye kutaka kuonyesha wenzake kwamba anajua kazi.

Jimbo letu la Lualaba liko na silaha nyingi kandokando ya mali yake. Kuna polisi ya migodi, kuna polisi ya kawaida, kuna na askari wa jeshi. Walinzi wa makampuni ya gardiennage, kwa sheria, hawabebi silaha za moto, ndiyo maana mara nyingi unaona polisi mwenye silaha anasimama pamoja nao. Kwa hiyo mkaaji wa Manika ao wa Dilala anapita karibu na bastola karibu kila siku: kwenye baryera, kwenye benki, kwenye mlango wa carrière, hata kwenye meza ya baa. Inafaa basi kila mtu, hata asiyegusa silaha maishani mwake, ajue kidogo namna kitu hiki kinavyofanya kazi, na sababu gani kinakwama.

Bastola inajilisha namna gani?

Bastola ya nusu-otomatiki inajilisha yenyewe. Ukivuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja, halafu bastola inajitayarisha kwa ya pili. Masasi yanapangwa ndani ya shajeri, kile kisanduku chembamba cha chuma kinachoingizwa ndani ya mpini. Chini ya masasi kuna springi inayoyasukuma kwenda juu.

Risasi ikipigwa, nguvu ya mlipuko inasukuma kipande cha juu cha bastola kirudi nyuma. Kikirudi, kinavuta ganda tupu na kulitupa inje. Kiisha, springi nyingine inakirudisha mbele, na njiani kinakokota risasi mpya kutoka kwenye shajeri na kuiingiza ndani ya chemba, ni kusema kile chumba kidogo kilicho nyuma ya mtutu. Yote haya yanapita kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kama hatua moja tu imeharibika, bastola inakwama.

Njia ine za kukwama

Ya kwanza: risasi iko ndani ya chemba, nyundo inagonga, lakini unasikia "tik" tu. Baruti haikuwaka.

Ya pili: risasi mpya haikuingia vizuri. Pua yake imegonga mlango wa chemba, imesimama upande.

Ya tatu: ganda tupu halikutupwa mbali, limebanwa kwenye dirisha la bastola. Hapo risasi mpya inaweza kuwa imekwisha kuingia mbele yake.

Ya ine: ganda limebaki ndani ya chemba, na risasi nyingine inasukumwa nyuma yake. Vyote viwili vinabanana.

Tazama vizuri: katika njia zote hizi, mara nyingi kuna risasi nzima pale ndani. Basi kukwama hakusemi kwamba masasi yamekwisha. Kunasema tu kwamba hatuwezi tena kujua kwa uhakika risasi iko wapi.

Mshitakiwa wa kwanza ni shajeri

Watu wengi wanalaumu bastola yenyewe, kumbe kosa liko kwenye shajeri. Ni bati jembamba. Ikianguka kwenye sima, midomo yake ya juu, ile inayoshika masasi, inapinda. Risasi inatoka mapema sana, ao inatoka ikiwa imeinama. Na springi ikichoka, masasi hayapandi kwa haraka, kipande cha juu kinapita kabla risasi haijafika mahali pake. Tena kuna shajeri za kuiga, zisizo na kipimo sawasawa.

Ndiyo maana wenye kufundishwa vizuri wanaweka namba kwa kila shajeri. Kama bastola inakwama na namba 2 peke yake, ugonjwa umejulikana. Shajeri hiyo inaondolewa kazini. Kuigonga kwa nyundo ili inyooke, ni kujidanganya.

Milimita 9 si moja

Sababu nyingine ni masasi ya kuchanganya. Mtu anasikia "milimita 9" na kuwaza kama yote ni sawa. Hapana. Ile ya 9 Parabellum, inayotumiwa na bastola nyingi za leo, iko na ganda la urefu wa milimita 19. Ya Makarov ya Warusi iko na ganda la milimita 18, na risasi yake ni nene kidogo. Ile ambayo Wafaransa na Wabelgiji wanaita "9 court" iko na ganda la milimita 17. Kwa macho zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja iko na nyumba yake. Ukilazimisha, bastola inakwama, ao inapasuka mkononi.

Masasi yanazeeka pia. Yakikaa mwaka na mwaka mahali penye unyevu, ganda linashika kutu ya kijani na baruti inapoteza nguvu. Risasi dhaifu haisukumi kipande cha juu mpaka mwisho, na ganda halitoki.

Vumbi la kiangazi, unyevu wa masika

Hapa kwetu hali ya hewa haisaidii. Wakati wa kiangazi, malori ya madini yanainua vumbi jekundu njia nzima, na vumbi hilo linaingia kila mahali. Wengine wanamwaga mafuta mengi wakiwaza kama wanalinda bastola. Lakini mafuta mengi na vumbi vinakuwa tope, na tope ni adui wa chuma kinachoteleza. Masika ikifika, unyevu na jasho vinaleta kutu. Dawa yake si siri: kusafisha mara kwa mara, kupangusa, na kuacha mafuta kidogo tu pale vyuma vinaposuguana. Ndani ya shajeri, afazali pakauke.

Kutoa shajeri hakutoshi

Tunafika sasa kwenye jambo linaloua watu. Bastola imekwama, mwenyewe anatoa shajeri, anaiweka mezani na kusema: "Sasa iko vide." Amesahau kwamba risasi iliyokwisha kuingia ndani ya chemba haitoki pamoja na shajeri. Inabaki palepale.

Tena bastola zenyewe hazifanani. Wakati wa ukoloni, Ubelgiji ilikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha cha FN kule Herstal, karibu na Liège. Ni kule Mmarekani John Browning alikufa mwaka 1926, akiwa kazini, na Mbelgiji Dieudonné Saive akamalizia bastola aliyokuwa ameianza. Ilitoka mwaka 1935, ndiyo maana inaitwa GP 35. Shajeri yake inabeba masasi 13, na ilienea duniani kote. Bastola hiyo ilitengenezwa na kizuizi: ukitoa shajeri, kifyatulio hakifanyi kazi, hata kama risasi iko ndani.

Lakini Tokarev ya Warusi, ndugu yake wa China anayeitwa Type 54, pamoja na Makarov, hazina kizuizi cha namna hiyo. Ukitoa shajeri na ukavuta kifyatulio, risasi iliyo ndani ya chemba inatoka. Sasa waza mtu aliyezoea GP miaka kumi, siku moja anapewa Tokarev. Mkono wake unafanya vile ulivyozoea. Na hata kwa GP usiwe na uhakika, juu kuna mafundi wanaokitoa kizuizi hicho ili kifyatulio kiwe chepesi.

Kwa hiyo kanuni ni moja kwa bastola zote: mtutu uelekee mahali pasipo na mtu, kidole kiwe mbali na kifyatulio, shajeri itoke kwanza, halafu kipande cha juu kivutwe nyuma, na chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Kabla ya hapo, hakuna "vide". Kwenye kambi nyingi duniani wanaweka pipa la mchanga mlangoni kwa ajili ya kazi hii: kosa likitokea, risasi inaishia mchangani, si mwilini mwa mtu.

Na kama ni "tik" tu iliyosikika, usifungue mbio. Mara chache baruti inachelewa kuwaka. Waalimu wa silaha wengi wanasema ngoja sekunde 30, mtutu ukiwa upande wenye usalama, ndipo ufungue.

Wewe usiye na silaha, ufanye nini?

Kama umeona askari ao polisi anapigana na bastola iliyokwama, usikaribie kutazama. Toka upande ambao mtutu unaelekea. Jifiche nyuma ya ukuta mzito wa matofali, si nyuma ya bati wala mbao, kwani risasi inazipita. Kwenye kartie zenye nyumba zilizosongamana, kama Kasulo, risasi moja iliyotoka kwa bahati mbaya inaweza kuingia nyumba ya jirani asiyejua lolote.

Kama umeokota bastola, hata yenye kutu, hata isiyo na shajeri, usiiguse na usijaribu "kuitengeneza". Usiitie ndani ya saketi uipeleke mwenyewe kwa taxi-moto. Simamisha mtu mzima mmoja awazuie watoto, halafu mjulishe shefu wa kartie na polisi. Wazazi, fundisheni watoto maneno matatu: usiguse, ondoka, sema.

Kama mtu anakuletea bastola ili umlehemie ao umnyooshee shajeri, kumbuka kwamba mambo ya silaha na masasi katika inchi yetu yanafuata ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Haziwekwi wala hazitengenezwi bila ruhusa. Fundi wa vyuma anayekubali kazi hiyo anajiingiza ndani ya kesi, na anaweka mkono wake karibu na risasi asiyoiona.

Kwa wakubwa wa polisi na wa jeshi, kazi ni ya wazi: masasi yahifadhiwe pakavu na kila aina pake, shajeri mbovu zitolewe kazini, na kila mwenye kubeba bastola afundishwe ile aliyopewa, si ile aliyoizoea. Mapatano ya Kinshasa juu ya silaha ndogo katika Afrika ya Kati, yaliyokubaliwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, yanadai vilevile kuchunga vizuri maghala ya silaha.

Basi, ndugu zetu wa Kolwezi, Fungurume, Likasi na pengine, siku mtakaposikia mtu anasema "Iko vide", mumuulize swali moja tu: "Umetazama chemba?" Kama hakutazama, muondoke pale.