Moyo Ulioko Kulia

Mama mwenye afya njema aweza kupigwa eksirei ya kifua kwa ajili ya kazi, ndipo aambiwe moyo wake uko kulia. Je, aogope?

La. Hali hii ya kuzaliwa nayo humpata mtu mmoja hivi kati ya 10,000. Ini nalo likiwa kushoto na wengu kulia, kama sura ionekanavyo kwenye kioo, wengi huishi, huzaa na kulea bila shida.

Hatari iko kwingine: kidole tumbo kikivimba, maumivu huweza kuja kushoto, na daktari asiyejua akakosea. Basi dada, pimwa moyo kwa ultrasaundi, mwarifu kila daktari, na jamaa zako nyumbani wajue pia.