Ndege wa Nchi Tupu: Wakamata Nzi wa Ardhini Katika Eneo la Mlima Meru

Sifa ya Mlima Meru, kwa wakazi wa Jiji la Arusha na kwa wageni wanaoupanda, imejengwa juu ya msitu wake, chemchemi zake na kilele chake chenye urefu wa takriban mita 4,566 kutoka usawa wa bahari. Upande wa kaskazini na wa kaskazini-magharibi, kuelekea Oldonyo Sambu, Engikaret na Longido, nchi hubadilika sura, kwa kuwa mlima wenyewe huzuia sehemu kubwa ya mvua inayoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, na hapo hubaki nyasi fupi, mawe, vumbi la majivu ya kale ya volkano na miti michache ya miiba iliyosimama mbalimbali. Msafiri aendaye Namanga huipita nchi hiyo upesi, akiamini kwamba hakuna cha kutazama. Hata hivyo, liko kundi la ndege wadogo ambao huuchukulia utupu huo kuwa ndio makao yanayofaa, na ambao wangeshindwa kuishi hata kwa juma moja ndani ya msitu unaosifiwa.

Ndege hao ni wa jamii ambayo wanasayansi huiita Muscicapidae, yaani jamii ya wakamata nzi, na wengi wao huwekwa katika jenasi mbili, Oenanthe na Saxicola. Jenasi ni ngazi ya uainishaji inayokusanya pamoja spishi zenye undugu wa karibu. Kwa muda mrefu vitabu viliwahesabu kuwa ndugu wadogo wa jamii nyingine kabisa, Turdidae, kwa sababu ya miguu yao mirefu na tabia yao ya kutafuta chakula chini, mpaka uchunguzi wa chembe za urithi, ulioanza kutumika kwa upana miaka ya 1980 kupitia kazi ya Wamarekani Charles Sibley na Jon Ahlquist, ulipoonyesha kwamba nasaba yao ni ya wakamata nzi. Mkamata nzi wa kawaida hukaa juu ya tawi, huruka kumnasa mdudu hewani, kisha hurudi pale pale alipotoka. Hawa wa ardhini wamelibadilisha tawi kwa jiwe, kichuguu au bonge la udongo: ndege husimama wima, hutazama kwa makini, hukimbia hatua chache, humdonoa mdudu, husimama tena huku akitikisa mkia, na mara chache tu hujirusha hewani kumfuata nzi anayepita.

Maisha ya namna hiyo yameuunda mwili unaotambulika kwa urahisi. Miguu ni mirefu kuliko ya wakamata nzi wa mitini, kifua kimeinuliwa, mkia ni mfupi, na kwa wengi wa jenasi ya Oenanthe kiuno huwa cheupe, weupe ambao hufichika ndege anapotua na kung'aa ghafla anaporuka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba umbo hilo hilo limejitokeza upande wa pili wa dunia bila undugu wowote wa karibu, kwani katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini wapo ndege wa jenasi Muscisaxicola, wa jamii ya Tyrannidae inayopatikana katika bara la Amerika pekee, ambao nao husimama wima juu ya mawe ya nyanda za juu zisizo na miti na kukimbia chini wakifuata wadudu. Wanabiolojia huita hali hiyo mageuko ya kukutana, ikimaanisha kwamba viumbe wa nasaba mbalimbali wakikabiliwa na mazingira yanayofanana huweza kufikia maumbile yanayofanana.

Katika nyanda zinazouzunguka Meru, mkazi anayeonekana kwa urahisi zaidi ni Oenanthe pileata, ndege mwenye kofia nyeusi, nyusi nyeupe, koo jeupe na mkanda mpana mweusi uliokivuka kifua. Huyu hahitaji mti hata mmoja. Hupenda mahali ambapo ng'ombe, mbuzi au wanyama pori wamezikata nyasi hadi karibu na udongo, na mara nyingi hufika kwenye ardhi iliyoungua muda mfupi baada ya moto kupita, kwa sababu wadudu huwa wamebaki bila maficho. Tago lake hulijenga chini ya ardhi, ndani ya shimo lililochimbwa na panya au mnyama mwingine mgugunaji, hivyo uhai wake umefungamana na viumbe wawili ambao hawezi kuwaamrisha: mnyama anayezifupisha nyasi na mnyama anayechimba. Mfugaji wa Kimaasai anayepeleka mifugo malishoni Engikaret, bila kukusudia, ni miongoni mwa wanaomtengenezea ndege huyu makazi.

Kwenye miamba, makorongo na kingo za barabara za nyanda za juu za Bonde la Ufa yupo mwingine, Oenanthe schalowi, ambaye eneo lake lote duniani ni kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Dume ana rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, utosi uliopauka wenye michirizi, na kiuno chenye rangi inayoelekea machungwa. Alitangazwa kisayansi mwaka 1884 na Gustav Fischer, msafiri wa Kijerumani aliyepita katika nchi ya Wamaasai, pamoja na Anton Reichenow wa Berlin, wakampa jina la mtaalamu mwenzao wa ndege, Herman Schalow. Wapo wataalamu waliompunguzia cheo na kumhesabu kuwa ni aina tu ya ndege wa Ethiopia, mabishano ambayo kwa msomaji wa kawaida hayana uzito mkubwa, isipokuwa kwamba ndege anayehesabiwa kuwa spishi kamili hupata jina lake katika orodha za uhifadhi, na asiyehesabiwa husahauliwa.

Mahali panapopata mvua zaidi, kwenye mashamba na vichaka vya miteremko ya Meru, nafasi huchukuliwa na Saxicola torquatus. Dume ana kichwa cheusi, mabaka meupe ubavuni mwa shingo na kifua chekundu cha kutu, naye hukaa juu kabisa ya bua, kichaka au nguzo ya uzio, akitoa mlio mkavu unaofanana na mawe mawili yanayogonganishwa. Dume na jike hulinda eneo lao pamoja mwaka mzima. Wakulima humwona kila siku bila kumjali, na pengine wachache wanajua kwamba ndugu zake wa Afrika Mashariki wamechangia kujibu mojawapo ya maswali magumu ya biolojia: ndege wa karibu na Ikweta hujuaje kuwa msimu umefika?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ndege wa Ulaya hutegemea urefu wa mchana, ambao hubadilika kwa saa nyingi kati ya majira ya baridi na ya joto, ilhali Arusha, iliyo nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Mjerumani Eberhard Gwinner wa Taasisi ya Max Planck, aliyefariki mwaka 2004, aliwaweka ndege wa jenasi hii waliotoka Kenya ndani ya vyumba ambamo mwanga na giza havikubadilika kabisa mwaka hadi mwaka. Ndege hao waliendelea kunyonyoka manyoya na kuandaa viungo vyao vya uzazi kwa mzunguko wa kudumu, wengine kwa zaidi ya miaka kumi, ingawa mzunguko wenyewe ulikuwa mfupi kuliko miezi kumi na miwili, na kwa hiyo polepole uliachana na kalenda ya nje. Matokeo hayo yalithibitisha kwamba ndani ya mwili wa ndege mna saa ya mwaka, inayotembea yenyewe lakini inayohitaji kurekebishwa na dalili za nje. Mwaka 2012 Wolfgang Goymann na wenzake walionyesha kwamba ndege hawa wanaweza kuirekebisha saa hiyo kwa kufuata jinsi nyakati za jua kuchomoza na kuzama zinavyosogea kidogo katika mwaka, hata pale urefu wa mchana unapobaki ule ule.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2003 na Martin Wikelski na wenzake, uliwalinganisha ndege wa jenasi ya Saxicola kutoka Kenya, Ireland, Austria na Kazakhstan waliotunzwa katika hali moja, ukakuta kwamba wa Kenya hutumia nishati kidogo kuliko wengine wanapopumzika. Tofauti hiyo imo katika damu, wala haitokani na hali ya hewa ya siku hiyo. Inalingana na mwendo mzima wa maisha yao, kwani ndege wa Afrika hutaga mayai machache, mara nyingi matatu, wakati wa Ulaya hutaga matano au sita, halafu mzazi wa Afrika huwahudumia makinda kwa muda mrefu zaidi. Hata jirani mbaya huacha alama katika miili yao: pale ambapo ndege mwindaji wa jenasi Lanius, mwenye mdomo wa ndoano, ameweka makao ndani ya eneo lao, homoni ya mfadhaiko huongezeka katika damu ya wazazi wanaolea makinda, na muda kabla ya kutaga tena hurefuka.

Kuanzia mwisho wa Septemba hesabu ya ndege wa ardhini katika mbuga za Arusha hupanda, kwa kuwa wageni huwasili. Oenanthe isabellina, mwenye rangi ya mchanga mwili mzima, hutoka hasa Asia ya Kati. Oenanthe pleschanka hutoka katika nchi zinazoanzia mashariki mwa Ulaya hadi China. Na Oenanthe oenanthe, mwenye uzito wa takriban gramu 25, anaweza kutoka mbali kupita wote. Mwaka 2012 Franz Bairlein na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ambamo ndege walionaswa Alaska walifungwa vifaa vyepesi vinavyorekodi mwanga, ili nyakati za kuchomoza na kuzama kwa jua zilizohifadhiwa ndani yake zionyeshe baadaye ndege alikuwa wapi kila siku. Watatu waliopatikana tena walikuwa wamevuka Asia nzima na Uarabuni hadi kaskazini mwa Afrika Mashariki, safari ya takriban kilomita 14,500 kwa upande mmoja, iliyochukua karibu miezi mitatu wakati wa kuja na karibu miezi miwili wakati wa kurudi. Sababu ya safari ndefu namna hiyo huenda ikawa historia: spishi hii ilienea mashariki kutoka Asia hadi Alaska, na kila kizazi kimeendelea kurudi Afrika, ambako wahenga wake walikuwa wakikaa msimu wa baridi.

Wageni hao hawaishi kwa makundi. Kila mmoja hukata kipande chake cha ardhi na kukilinda peke yake, hata dhidi ya spishi nyingine. Wataalamu wa Kijerumani waliowafuatilia Kenya, na kuchapisha kazi yao mwaka 1983, walibaini kwamba O. isabellina, mwenye miguu mirefu ya kukimbilia, huwashinda wenzake na kutwaa uwanda ulio wazi kabisa, ilhali O. pleschanka, mwenye miguu mifupi, huwinda akiwa juu ya kichaka au jiwe na kujirusha chini, hivyo huhitaji mahali penye vituo vya kukalia. Kwa mtazamaji anayesimama kando ya barabara ya Namanga mwezi Desemba, kanuni hiyo humsaidia kutambua ndege kuliko kukariri rangi, maana majike wa spishi hizi hufanana mno.

Juu zaidi, ambapo miti humalizika, anaishi Pinarochroa sordida, ndege wa kahawia asiye na pambo isipokuwa weupe wa pembeni mwa mkia. Makazi yake ni nyanda baridi za vilele vya Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania. Nchini Tanzania anajulikana Kilimanjaro na katika nyanda za juu za Ngorongoro, ambako aina ya huko imepewa jina la mlima Olmoti. Wapandaji wa Kilimanjaro wanaotokea Arusha humkuta akirukaruka miguuni mwao kwenye vibanda vya kulala, hana woga, akiokota makombo. Makundi yake yametenganishwa na mabonde yenye joto, na iwapo joto litapanda hana mlima mwingine mrefu zaidi wa kuhamia.

Hatari iliyo karibu na Arusha ni ya namna nyingine. Uwanda wa Engikaret unajulikana kwa wapenzi wa ndege duniani kwa sababu ya kipozamataza mmoja, Chersomanes beesleyi, aliyetangazwa mwaka 1966 na ambaye eneo lake ni dogo mno, na wakamata nzi wa ardhini wanashiriki naye udongo huo huo. Uhifadhi wa eneo hili kwa kawaida hufikiriwa kuwa ni kupanda miti, fikra ambayo ni sahihi kwenye vyanzo vya maji lakini ni kosa kwenye uwanda wa nyasi fupi, ambako safu ya miti humpa ndege mwindaji mahali pa kuvizia na kumwondolea O. pileata uwazi anaoutegemea. Jembe nalo haliwagusi wote sawasawa. S. torquatus hufaidika na kingo za mashamba na nguzo za uzio, wageni wa Asia huweza kuwinda kwenye shamba lililovunwa, kwa kuwa hawahitaji chochote humo zaidi ya wadudu na mahali pa kusimama, bali O. pileata, ambaye lazima apate shimo la panya lisilofukuliwa ili atage, hupoteza makao pale trekta linapopita mara moja tu.