Kabla ya Kuchagua Vigae

Ikiwa familia yako inaishi Marekani au Kanada katika nyumba ya zamani yenye chumba cha chini ya ardhi, huenda mmewaza kutengeneza upya bafu la huko. Wengi huanza na vigae na rangi. Afadhali kuuliza kwanza: maji machafu yatakwenda wapi?

Maji hufuata mteremko. Bomba dogo la maji machafu huhitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Bomba kuu likitoka nje juu ya sakafu ya chumba hicho, choo cha kawaida hakitaweza kujimwaga. Mara nyingi itabidi kuchimba shimo na kuweka tangi lenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na pampu ya kusukuma uchafu juu. Umeme ukikatika pampu husimama, hivyo watoto wafundishwe kutotumia choo hicho mpaka urudi.

Chunguzeni pia mabomba ya maji safi. Ya chuma hushika kutu ndani, maji yakawa yanatoka kidogo kidogo. Mengine ni ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Marekani ilipiga marufuku kufunga mabomba mapya ya risasi kwa maji ya kunywa mwaka 1986, lakini mengi ya zamani yaliachwa ardhini.

Mwiteni fundi bomba mwenye leseni kabla ya kuvunja sakafu. Mwulizeni pia juu ya vali ya kuzuia uchafu usirudi ndani wakati wa mvua kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.