Mgeni Njoo, Vidunda Ipone

Kila siku mabasi yaendayo Iringa na Mbeya hukatisha hifadhi ya Mikumi, na abiria huchungulia madirishani kuwatazama twiga na tembo. Wachache mno wanaojua kwamba wakishuka Mikumi mjini na kushika njia ya kusini iendayo Kidodi na Kidatu, upande wa magharibi wataiona milima ya Vidunda, na kwamba huko mlimani viko vijiji vya kale vinavyostahili kuzuriwa.

Wavidunda ni watu wenye lugha yao na desturi zao. Kama jirani zao Wasagara na Waluguru, wao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wanahistoria huwataja miongoni mwa makabila yaliyoguswa na vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905. Kumbukumbu za namna hiyo hazikujengewa makumbusho. Zimo katika majina ya vilima na katika vinywa vya wazee, na mzee akifariki huondoka nazo.

Sisi watu wa visiwani tusidhani kwamba jambo hili halituhusu. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Unguja, akavuka bara, akafika Usagara, ambako Mangungo wa Msowero, katika nchi ya Kilosa ya leo, alitia alama katika mkataba asioweza kuusoma. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash alipinga, na manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake. Tena, Mto Ruaha Mkuu unaopita kati ya Vidunda na Udzungwa ndio uendeshao mitambo ya Kidatu, iliyoanza kutoa umeme 1975. Waya wa chini ya bahari ulipofika Fumba 1980, Unguja iliungwa na gridi iliyotegemea sana maji hayo. Basi kwenda Vidunda ni kwenda kuwaona watu ambao tumeunganika nao siku nyingi.

Wageni wakifika, lakini, wafike kwa utaratibu. Mji wa Matera, kusini mwa Italia, ni funzo. Katika miaka ya 1950 serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka katika nyumba za mapangoni, kwa kuwa ziliitwa aibu ya taifa. Mwaka 1993 mapango yale yale yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mengi sasa ni hoteli. Mji Mkongwe wetu, ulioingia katika orodha hiyo mwaka 2000, nao umeona nyumba za watu zikigeuka nyumba za wageni. Mawe yakihifadhiwa na wenyeji wakaondoka, kilichobaki si mji, ni picha yake.

Kwa hiyo tunawashauri wakuu wa wilaya na wa idara za utalii na utamaduni mambo matatu. Kwanza, wazee wa Vidunda waulizwe kabla ya mgeni yeyote kuletwa, nao waamue ni mahali gani pa kuonyeshwa na ni mahali gani pa kuachwa. Pili, vijana wa vijijini wafunzwe kuwaongoza wageni na kuyaandika masimulizi ya wazee wao kwa Kividunda na kwa Kiswahili. Tatu, malipo ya mwongozaji, ya chakula na ya malazi yabaki kijijini, yasiishie mjini.

Nasi wananchi wa visiwani tuna wajibu wetu. Tumezoea kupokea wageni; tujifunze na sisi kuwa wageni wema. Tupige hodi, tuwasalimu wakubwa, tuombe ruhusa kabla ya kupiga picha, tununue kilicholimwa pale pale.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Safari yoyote ya Vidunda na ipimwe kwa kipimo hicho.