Msaragambo wa hesabu kwenye simu

Niko Myamba, huku juu milimani Same. Juzi mtu kaniuliza: kusoma kwa kikundi mtandaoni kunawezekanaje wakati kila mmoja yuko kwao? Inawezekana, ila si kama wengi tunavyofanya.

Serikali ilipofunga shule Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa kidato cha nne. Tukaunda grupu la WhatsApp, wengine kwa simu za kaka zao. Mwalimu akituma swali la hesabu, dakika tano tu mtu mmoja (yule yule kila siku!) anatupia jibu, sisi "asante mkuu", tunanakili. Tukajiona tunashirikiana kweli kweli. Shule zikafunguliwa Juni 29, tukapewa jaribio, nikatoka kapa kwenye maswali yale yale niliyoyanakili kwa mkono wangu.

Sisi Wapare tuna msaragambo. Mbiu ikipigwa unatoka na jembe lako, mkazibue mfereji au mtengeneze barabara. Huendi kutazama wenzio wakichimba. Grupu letu lilikuwa na mchimbaji mmoja na watazamaji kibao.

Wanaotengeneza programu za masomo wameliona hilo. Moodle, iliyotolewa na Martin Dougiamas wa Australia mwaka 2002 na inayotumika hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ina aina ya mjadala ambayo mwalimu akiiweka, huoni majibu ya wenzio mpaka uandike la kwako. Hata kama umekosea. Na hapo ndipo kazi inaanza, maana mkishafunguliwa mna majibu sita tofauti, sharti mbishane nani kapotea wapi.

WhatsApp haina kitu hicho, ila nilipokuwa narudia hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea tulijitungia wenyewe. Tulikuwa wanne. Saa mbili usiku, wote kwa pamoja, tunatuma picha ya daftari: njia yote, sio jibu tu. Picha haili bando kama video. Siku ya kwanza tu mwenzetu wa Hedaru akaona nimesahau alama ya kutoa mstari wa tatu. Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa huo tangu kidato cha pili!

Wa tano hakuwa na simu kabisa. Swali nilimwandikia kwenye karatasi, nikapita kwao asubuhi nikienda shamba la tangawizi, jioni nachukua kazi yake naipiga picha. Nyie kwenu mlifanyaje kwa mtu kama huyo?